Kiyosumi: vuka mawe kwanza, picha baadaye

Mgeni mwenye asubuhi moja tu ya kutembea Tokyo akiulizia bustani ya Kijapani, wengi humwelekeza Shinjuku Gyoen kwa kuwa ni kubwa na ina jina. Mimi nasema aende Kiyosumi, mashariki ya mto Sumida. Ukishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Kiyosumi-Shirakawa, ni mwendo wa dakika 3 hivi kwa miguu. Kiingilio ni yeni 150.

Kinachonifanya niisifu ni isowatari, mawe ya kukanyagia yaliyopangwa ndani ya maji kandokando ya bwawa. Unapita juu yake huku koi, samaki wa mapambo wa rangi rangi, na kobe wakiogelea karibu na miguu yako. Mafundi wa bustani hizi wana ujuzi wao: jiwe dogo, au pengo kati ya jiwe na jiwe, hukushusha macho, jiwe pana hukupa nafasi ya kusimama na kuinua kichwa. Kwa hiyo unapoinua uso, umeuinua pale fundi alipotaka, na kila ukisimama unakuta sura nyingine ya bwawa. Anayevuka na simu mbele ya uso hukosa vyote, hatua na mandhari, na ndiye mwenye hatari ya kutumbukia. Simama kwanza, miguu yote miwili, ndipo upige picha.

Vaa viatu vya soli ya raba, maana mawe yakilowa huteleza. Ukiona mtu anakuja upande wa pili, msubiri kwenye jiwe pana, msipishane kwenye dogo. Kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu havipiti hapo. Vifuate njia ya kawaida ya kuzunguka bwawa. Na katika bustani yoyote ya Kijapani, ukikuta jiwe dogo limefungwa kamba nyeusi kama kifurushi na kuwekwa njiani, usiliruke. Maana yake njia imefungwa, hata kama hakuna kibao wala uzio.

Mawe makubwa ya ukingoni nayo yasikupite. Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, alinunua eneo hili mwaka 1878, na meli za kampuni yake zikabeba mawe kutoka pande nyingi za Japani. Mengi yana vibao vya majina. Tafuta jiwe jekundu la kisiwa cha Sado, kisha lile la kijani la eneo la Iyo, uyalinganishe. Yakiwa yamelowa, rangi hukolea, ndiyo maana mvua nyepesi si sababu ya kuahirisha safari.

Nyumba ya mbao iliyochomoza juu ya maji ilijengwa mwaka 1909 kumpokea jemadari Kitchener wa Uingereza, yuleyule aliyekuwa kwenye tume ya mipaka ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1885. Baada ya tetemeko la 1923, lililowafanya watu wengi kukimbilia humu kuokoa maisha, familia ya Iwasaki iliutoa upande wa mashariki kwa jiji mwaka 1924, ukafunguliwa kwa umma mwaka 1932.

Mlango hufunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa saa zetu (kibaoni utakuta 9:00 na 17:00), na mwisho wa kuingia ni saa 10:30 jioni. Hufungwa tarehe 29 Desemba hadi 1 Januari. Fika mlango unapofunguliwa, kabla mawe hayajajaa watu.

Kosa moja la mwisho ni kukidharau kile kilima cha nyasi kisicho na miti mirefu. Huo ni mfano wa mlima Fuji. Vichaka vya azalia vimepandwa kwa mistari ya kulala ili viwe mawingu yaliyoukata kiunoni. Ukiwa chini yake huoni kitu. Rudi ng'ambo ya bwawa, utazame kutoka huko.