Rangi Isiyokuwepo Kwenye Karatasi

Kila nikimwonyesha mtu chapa za Bridget Riley, yaani picha zake zilizochapwa kwa wino, mchoraji wa London aliyezaliwa mwaka 1931, nasikia maneno yaleyale: "Sasa hii ni picha ya nini? Si mapambo ya pazia haya?" Wengine huongeza kwamba mashine ingeimaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Sikubaliani nao hata kidogo.

Chukua Frieze, chapa yake ya mwaka 2000. Humo hamna mtu wala mti. Ni vipande vya rangi vilivyopinda, vimebanana ukingo kwa ukingo. Itazame bila haraka. Kipande ulichodhani kiko mbele kinarudi nyuma, cha pembeni kinajitokeza, na jicho linateleza kutoka mpindo hadi mpindo bila kupata pa kutua. Karatasi imetulia tuli. Kinachohangaika ni jicho lako.

Jambo hili lina historia. Mkemia Mfaransa Chevreul alisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba rangi nyeusi imefifia. Akaipima, akakuta haina kasoro. Rangi zilizokaa jirani nayo ndizo zilizoidhoofisha. Aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1839. Riley alipata jina kwa nyeusi na nyeupe, akaingia kwenye rangi mwaka 1967, na tangu hapo ujirani huo ndio kazi yake.

Nami naamini chapa ya skrini inamfaa kuliko njia nyingine yoyote. Niliwahi kuchapa fulana kwa miaka miwili, kwa hiyo najua jasho lake. Kila rangi ina fremu yake yenye kitambaa cha wavu; unamimina wino, unausukuma kwa kipande cha mpira, nao wino unapita kwenye matundu yaliyo wazi tu. Wino unalala bapa, hauna mkwaruzo wa brashi wa kukushughulisha. Lakini fremu ikisogea upana wa unywele, weupe unachungulia kati ya rangi mbili, na ule ujirani umekatika. Nilitupa fulana nyingi kwa sababu ya weupe huo.

Na hao wa mashine wajue kwamba mipindo hiyo Riley huipanga kwa vipande vya karatasi alivyopaka rangi na kuvikata, anavihamisha, anavibadilisha, mpaka vikae. Mashine haiwezi kumwambia lini vimekaa.

Kwenye simu picha hizi hufa, zinakuwa ndogo mno. Kama huna pa kuiona chapa yenyewe, kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya khanga nyekundu, kingine juu ya khanga ya kijani, uvitazame kwa muda. Cha kwanza kitaelekea ukijani, cha pili kitaingia wekundu kidogo. Kisha viondoe, uvilaze pamoja mezani.