Kilwa kwa kundi: lawama inamwendea asiyehusika

Kila zinapotajwa safari za kwenda kuona magofu ya Kilwa, pwani ya kusini mwa Tanzania, lawama moja hurudi: ziara ya kundi humnyima mgeni Kilwa yenyewe. Anavushwa kutoka Kilwa Masoko, mji ulioko bara, hadi kisiwa cha Kilwa Kisiwani, anapitishwa mbiombio ngome ya Gereza, Msikiti Mkuu na majumba ya kifalme ya Makutani na Husuni Kubwa, kisha anarudishwa hotelini kabla hajapata nafasi ya kukaa chini ya mbuyu akayatazama magofu kwa utulivu. Wenye maoni hayo humshauri mtu aende kivyake, akodi boti yake, atembee kwa mwendo wake. Ukweli umo ndani ya lawama hiyo, na nitaufikia. Lakini sehemu kubwa ya haraka wanayoilalamikia haitoki kwa mwongoza watalii wala kwa wingi wa watu. Inatoka baharini, na mtu wa peke yake ataikuta ileile.

Hilo huonekana wazi zaidi Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, kusini mwa Kisiwani. Kufika Kisiwani ni rahisi, mkondo wenyewe ni kama kilomita 2. Songo Mnara ni mwendo wa saa moja hadi mbili kwa boti, kutegemea injini na upepo, na wakati wa kusi unakwenda huku unapigwa usoni. Ukifika, ufuko umezungukwa na mikoko na tope. Maji yakiwa yamejaa, boti huingia hadi karibu na watu wakashuka maji yakiwa chini ya goti. Yakiwa yamekupwa, boti hubaki mbali, na wageni hutembea kwenye tope lenye mizizi inayochomoza kama vigingi na matumbawe yanayokata nyayo. Kandambili hazifai hata kidogo. Hunaswa tope zikabaki humo. Na boti ikikalia mchanga wakati maji yanatoka, hakuna injini itakayoitoa. Mnangoja yarudi, na hiyo ni saa nyingi za jua, wakati maji ya kunywa yalipimwa kwa nusu siku.

Sasa tazama saa. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni. Hizo ndizo siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa inapopita mita 3. Maana yake ni kwamba saa 4 asubuhi, wageni wengi wanapomaliza chai na kushuka gatini, bahari imekauka kabisa. Mwezi ukiwa na siku kama nane hadi kumi mambo hugeuka: maji hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri, mnaingia nayo yakipanda, mnatembea kwa saa tatu bila wasiwasi, mnaondoka kabla hayajawaacha. Nafasi ya namna hiyo hurudi tena mwezi unapokaribia kuisha. Nahodha wa Kilwa analijua hili bila kufungua kitabu. Anayepanga ratiba Dar es Salaam hujali mwisho wa wiki na sikukuu, halafu kosa la ratiba likawekwa kichwani kwa aliyewaambia wageni "twendeni, maji yanatoka".

Anayekwenda kivyake hana kinga zaidi. Kwa kawaida ana kinga ndogo, kwa sababu hukodi boti siku aliyofika, tena kwa bei ya boti nzima. Mafuta ya kwenda Songo Mnara ni yaleyale, iwe imebeba wawili au kumi. Wengi wakishaisikia bei huiacha Songo Mnara, wakarudi wakisema wameiona Kilwa. Wamekosa mji wa mawe wenye misikiti na nyumba zaidi ya 30, ambao mpangilio wa vyumba vyake bado unasomeka kwa macho. Kundi la watu kumi ndilo linalomfikisha huko mwalimu wa sekondari kutoka Lindi au mwanafunzi wa chuo, ambaye peke yake asingeweza.

Kuna kuta pia, na hapa upande wa kundi hausemewi vya kutosha. Majengo ya Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Ukuta wa aina hiyo hulindwa na lipu yake. Mtu akipanda juu apate picha ya bahari, kisigino chake hubandua kipande cha lipu ukubwa wa kiganja. Siku hiyo hakuna kinachoanguka. Masika yakija, mvua huingia pale palipobanduka, huosha chokaa katikati ya mawe, mbegu ya mtini hupata pa kuota, na baada ya miaka michache mizizi huwa imeupasua ukuta uliosimama tangu karne ya 14. Kuziba kwa saruji huongeza ubaya: saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe humomonyoka pembeni mwake. Magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati na ulinzi. Kazi hiyo inaweza kufutwa na viatu.

Hali ni hiyohiyo kwa vigae. Njiani Kisiwani, hasa baada ya mvua, utaona vipande vya vyungu na wakati mwingine vya kauri ya China, chenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, kidogo kama ukucha. Mtu huokota kimoja tu. Lakini vipande kama hivyo ndivyo vilivyomwezesha Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, kukadiria umri wa tabaka moja baada ya jingine. Kikiwa mahali pake kina habari. Kikiwa mfukoni ni kigae tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, ila kinachomzuia mtu pale ni mwenyeji anayemwona akiinama, akamweleza na kukirudisha kilipokuwa.

Kwa upande wa pili, yako mambo ambayo watetezi wa makundi hawapaswi kuyapuuza. La kwanza ni simulizi. Waongozaji wengi husimulia habari ya Ali bin Hassan wa Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, kana kwamba ndiyo historia yote. Ni mapokeo yenye thamani, yamo katika tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha habari za masultani wake. Lakini wachimbaji wamekuta makazi ya wenyeji yaliyotangulia habari hiyo, na mgeni anastahili kusikia yote mawili. La pili ni kijiji. Kisiwani kuna watu wanaoishi, wanaovua, wanaolima na kuteka maji. Watu 30 wakipita uani mwa mtu huku wameinua simu, hilo ni kosa hata kama kila mmoja ana kibali kilichokatwa Masoko. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji haponi ikiwa chakula kimetoka hotelini, maji yametoka Dar na malipo yote yameishia huko.

Hata hivyo tiba ya hayo siyo kuvunja kundi. Ni kulipunguza, na kipimo kiko ndani ya magofu yenyewe. Vyumba vya nyumba za Songo Mnara ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti ndefu kuliko hapo hazikuweza kubeba uzito. Humo wakiingia watu kumi na wawili, wa mwisho bado anasikia. Wakifika ishirini, nusu hubaki mlangoni, huchoka, huanza kuegemea na kukalia kuta. Kundi kubwa ligawanywe: nusu waanze Msikiti Mkuu, kwenye zile kuba zilizoongezwa enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyempokea msafiri Ibn Battuta wa Morocco mwaka 1331, na nusu waanze Husuni Kubwa, kwenye birika la pembe nane juu ya jabali, kisha wabadilishane.

Na siku ziwe mbili. Kuziweka Kisiwani na Songo Mnara katika mchana mmoja ndiko kunakozaa mbio zote zinazolalamikiwa. Siku ambayo maji yanajaa karibu na adhuhuri iwe ya Songo Mnara. Siku ya pili, Kisiwani tangu saa 1 asubuhi kabla jua halijakali, chakula cha mchana kipikwe na akina mama wa kijijini kwa malipo yanayobaki mikononi mwao, na saa moja nzima baada ya kula iachwe wazi bila maelezo ya mtu. Anayetaka ukimya wa mbuyuni ataupata hapo. Mtafiti au mwanafunzi wa usanifu anayehitaji kupima milango na vidaka kwa siku tatu, huyo kundi halimfai. Alale Masoko, apange na ofisi inayotoa vibali, na mwongozaji aende naye. Tarehe ziulizwe kwa nahodha kabla hoteli haijalipiwa.