Hausi za skuli ya wasichana ziitwe nani?

Ukiuliza skuli nyingi za wasichana hausi zao, yale makundi wanafunzi wanayogawanywa, zaitwaje utasikia milima na mito tu, Elgon, Longonot, Tana, ama jina la mheshimiwa aliyekuja kukata utepe. Kwa hivyo wazo la kuzipa majina ya wanafunzi wa mwanzo wa skuli yenyewe lanivutia sana, manake mlima haujawahi kubishana na babake ndio aruhusiwe kwenda kusoma.

Na hapa Mombasa si jambo dogo. Kule Frere Town, Kisauni, walikowekwa watu waliotolewa utumwani tangu miaka ya 1870, wamishonari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) walisomesha wavulana na wasichana, na leo twashuka matatu Kengeleni, hapo hapo Frere Town, bila hata kuwafikiria hao wasichana. Mji wa Kale mambo yalichelewa, Sheikh Al-Amin Mazrui, mwanachuoni wa Kiislamu wa hapa Mombasa, ilibidi aandike miaka ya 1930 kuwahimiza watu wasomeshe mabinti, na skuli ya wasichana wa Kiarabu ikaja kufunguliwa mwishoni mwa miaka hiyo hiyo. Binti anayeanza skuli akiambiwa hausi yake ni ya msichana aliyetoka Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, ama Kisauni kama yeye, hapo kuna kitu cha kushika.

Lakini wanaopinga nao wana hoja, tusiwapuuze. Kuna familia huku jina la mwanamke halitajwi ovyo mbele za watu, sasa mwende mumwambie mjukuu ati jina la bibi yake litapigiwa makelele uwanjani siku ya michezo, na hausi ikishika mkia ndio litaimbwa zaidi! Akikataa usimwite mshamba. Halafu kuna fitina ya nani achaguliwe, Mswahili, Mgiriama, Mhindi, mtu wa bara, kamati yaweza kukaa mpaka chai ipoe mara tatu.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyengine. Watakaokumbukwa ni wale waliomaliza, wakawa manesi na walimu, picha zao zipo ukutani. Yule aliyetolewa darasa la nne akaozwa, na yeye si alikuwa wa mwanzo? Yeye ndiye alilipa zaidi kuliko wote na hausi hapati.

Kuna wanaosema jina lenyewe litalinda historia, hapo siwafuati. Digo Road zamani ilikuwa Salim Road, lakini vijana wangapi pale sokoni Marikiti, kando ya barabara hiyo, watakwambia Salim alikuwa nani?

Mimi bado niko na wanafunzi wa mwanzo, ila familia ziulizwe kabla rangi haijapakwa ukutani, na angalau hausi moja iwe ya aliyekatizwa masomo. Na rejista za zamani zitolewe kabatini mchwa hawajazimaliza, la sivyo wanakamati watajiwekea mabibi zao.