Flapu yenye shina si upasuaji wa daraja la pili

Mgonjwa aliyepoteza ngozi na nyama kwa ajali, saratani au maambukizi makali hawezi kila mara kufunikwa kwa kupandikiza ngozi tu. Ngozi iliyopandikizwa haishiki juu ya mfupa ulio wazi usio na utando wake, wala juu ya kano iliyovuliwa ala. Hapo inahitajika flapu, yaani kipande cha tishu kinachokuja na damu yake. Ubishi uliopo ni kati ya aina mbili za flapu. Flapu huru hukatwa kabisa mahali ilipokuwa, ikahamishwa, na mishipa yake ikaungwa na mishipa ya mahali papya chini ya hadubini. Flapu yenye shina huzungushwa kuelekea kwenye jeraha huku ateri na vena zake, yaani shina lake, zikibaki zilipo. Tangu madaktari wa upasuaji Daniel na Taylor walipochapisha ripoti yao ya flapu huru mwaka 1973, ya kwanza imekuwa kipimo cha ubingwa. Ya pili imeachiwa sifa ya kuwa njia ya wasio na vifaa, na sifa hiyo inawafanya wagonjwa wengine wasubiri wasichopaswa kusubiri.

Flapu huru ina haki zake, na ni kubwa. Taya la chini lililoondolewa kwa saratani halina mbadala wa karibu unaolingana na fibula, mfupa mwembamba ulio kando ya muundi: unapatikana mrefu, una ateri yake, na tangu daktari Hidalgo alipouonyesha mwaka 1989 tunajua unaweza kukatwa vipande na kukunjwa kufuata umbo la taya bila kufa. Theluthi ya chini ya mguu nayo ina ngozi, kano na mfupa, lakini nyama ya kuzungusha ni haba. Wenye uzoefu hufaulu katika zaidi ya asilimia 95 ya flapu hizi. Anayedharau takwimu hiyo hajui kazi iliyo nyuma yake.

Ila takwimu hiyo inabeba mambo ambayo hayaonekani katika chumba cha upasuaji. Mishipa inayoungwa huwa na kipenyo cha milimita 1 hadi 3, kwa uzi mwembamba sana wa namba 9-0 au 10-0. Mshono mmoja ukidaka ukuta wa pili wa mshipa, au vena ikipinda kidogo wakati jeraha linafungwa, damu huganda. Vena huziba mara nyingi kuliko ateri, na hatari kubwa iko katika saa 48 hadi 72 za mwanzo. Kwa hiyo muuguzi anakagua flapu kila saa. Ikiwa baridi, imepauka na rangi hairudi baada ya kuibonyeza, ateri imeziba. Ikiwa imevimba, ina rangi ya zambarau na inajaa upesi mno baada ya kubonyezwa, shida iko kwenye vena; ukiichoma kwa sindano, damu nyeusi hutoka kwa kasi. Kwenye ngozi nyeusi rangi inasema kidogo, kwa hiyo sindano, joto na dopla, kifaa cha kusikiliza mkondo wa damu, ndivyo vinavyoamua. Dalili zikionekana saa tisa usiku, mgonjwa lazima arudishwe kwenye upasuaji usiku uleule, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuiokoa.

Kwa maneno mengine, flapu huru ni ahadi ya siku tatu ya wodi nzima. Asilimia 95 ni ya mahali ambapo ahadi hiyo inatimizwa. Ukichukua mbinu ukaacha ulinzi wa usiku, hujachukua na takwimu yake. Na flapu huru inaposhindwa, kwa kawaida hufa yote.

Utafiti unaonukuliwa kuliko wote kuutetea upande wa hadubini ni wa daktari wa upasuaji Marko Godina wa Ljubljana (Slovenia ya leo), uliochapishwa mwaka 1986. Wagonjwa wake walikuwa 532, wote wakiwa wamefanyiwa flapu huru. Waliofunikwa ndani ya saa 72 tangu kuumia, flapu zilizokufa zilikuwa asilimia 0.75 na maambukizi asilimia 1.5. Waliofunikwa baada ya saa 72 hadi miezi mitatu, vifo vya flapu vilifika asilimia 12 na maambukizi 17.5. Watu huisoma tofauti hiyo kama ushindi wa flapu huru. Tazama tena: mbinu ilikuwa moja katika makundi yote. Kilichotofautiana ni siku. Kinachotetewa na namba hizo ni kukata tishu zote zilizokufa mapema na kufunika mapema. Kweli, wagonjwa hawakugawiwa kwa kura, na bandeji za kunyonya majimaji kwa shinikizo hasi zimelegeza kidogo ukomo wa saa 72. Hata hivyo mwelekeo wake haujapinduliwa.

Sasa peleka hoja hiyo kwa mtu aliyevunjika mfupa wa muundi, theluthi ya juu, mfupa ukaonekana. Hospitali aliyopo ina daktari anayeweza kuzungusha msuli wa gastroknemia, ule unaojaza shavu la mguu, kesho asubuhi. Hospitali yenye hadubini itampa nafasi baada ya wiki tatu. Kumpeleka huko ili apate kilicho bora ni kumtoa kwenye kundi la kwanza la Godina na kumtia kwenye la pili. Katika wiki hizo mishipa iliyo karibu na jeraha huvimba, hushikana na tishu za pembeni na kuwa rahisi kuchanika, na hiyo ndiyo mishipa ambayo flapu huru ingeitegemea. Shina la gastroknemia liko nyuma ya goti. Jeraha lisipofika huko, shina hilo haliguswi.

Upasuaji wenyewe ni wa kueleweka. Upande wa ndani, chale hupita kama sentimita 2 nyuma ya ukingo wa muundi. Kati ya gastroknemia na solea, msuli ulio chini yake, kuna nafasi inayofunguka kwa kidole karibu bila damu, na kano nyembamba ya plantari iliyo hapo huthibitisha kwamba umepita mahali sahihi. Kano ya chini hukatwa, kichwa cha ndani cha msuli hutenganishwa na cha nje, msuli hupitishwa juu ya mfupa, na ngozi nyembamba hupandikizwa juu yake. Msuli usipofika kwenye jeraha, kata utando unaoufunika kwa mistari ya kukingama, nao hutanuka. Linaloharibu zaidi ni njia nyembamba ya kuupitisha msuli chini ya ngozi: msuli unavimba, vena inabanwa, na asubuhi umekuwa mweusi. Ni bora kuifungua njia yote.

Udhaifu wa flapu zenye shina usifichwe. Hizi hufa nchani, na mara nyingi ncha ndiyo iliyokuwa inafunika kilichohitaji kufunikwa. Flapu ya msuli mkubwa wa kifua, iliyoelezwa na Ariyan mwaka 1979, inaweza kupona karibu yote, lakini sentimita mbili zilizokufa zikiwa ndani ya kinywa, mate yatashuka shingoni. Sababu mara nyingi ni kuchora ngozi inayovuka mpaka wa chini wa msuli ili shina lionekane refu. Flapu ya kinena ya McGregor na Jackson ya mwaka 1972 nayo, inapofunika jeraha la mkono, huuacha mkono umefungwa nyongani kwa takriban wiki tatu. Bega na vidole visipofanyishwa mazoezi tangu siku za mwanzo, jeraha litapona na mkono utabaki mgumu. Hizo ni gharama halisi. Lakini flapu ndefu inaweza kucheleweshwa: kingo zikatwe kwanza, irudishwe mahali pake, isubiri siku 7 hadi 14 ili damu ijifunze kupita kwa urefu, ndipo inyanyuliwe.

Kwa hiyo taya lililokosa mfupa na jeraha la juu ya kifundo cha mguu ni vya flapu huru pale ulinzi wa usiku upo. Goti na theluthi ya juu ya muundi ni vya shina hata palipo na hadubini. Shingoni na usoni, umri, moyo wa mgonjwa na saa anazoweza kuvumilia nusukaputi vinapaswa kuamua kabla ya ubingwa wa daktari.

Na anayechagua flapu huru alinde njia ya pili tangu chale ya kwanza. Chale ya kusafisha muundi isipite mahali patakapoharibu shina la gastroknemia. Msuli wa kifua ukinyanyuliwa, chale ya juu ifuate ukingo wa chini wa flapu ya bega na kifua iliyoelezwa na Bakamjian mwaka 1965, na mishipa inayotokea kati ya mbavu, kwenye nafasi ya pili na ya tatu kando ya kidari, iachwe nzima. Flapu ya kwanza ikifa siku ya tatu, flapu hiyo ya bega na kifua ndiyo itakayofunika shingo.