Droo ya Nyaya Si Jalala

Nyumbani kwangu kuna droo moja ambayo mke wangu huiita jalala na mimi huiita akiba. Ni ya tatu kutoka juu katika meza yangu ya kazi, na haifunguki mpaka uivute kwa mikono miwili huku ukiizuia meza kwa goti, kwa kuwa ndani yake zimelala nyaya za kila kifaa nilichowahi kumiliki, pamoja na za vifaa ambavyo sikumbuki kuvimiliki. Sijawahi kuelewa jinsi nyaya zinavyofungana zenyewe gizani. Unaziweka jioni zikiwa zimekunjwa kwa heshima, kila mmoja na kifungo chake. Ukirudi baada ya wiki unakuta waya wa printa umeukumbatia wa kamera, na wa spika umepita katikati yao kama msuluhishi wa ndoa.

Nakiri kwamba mimi ni mpenzi wa vifaa, na maradhi hayo sijayatafutia dawa. Jamaa zangu huniita fundi, nao hunipigia simu saa yoyote kuniuliza kwa nini kompyuta zao zimekuwa nzito, wasijue kwamba fundi huyo anawajibu akiwa amechutama ukutani karibu na soketi, simu ikiwa na asilimia 3, akiukandamiza kwa kidole gumba waya ambao ukiulegeza kidogo tu chaji inakatika. Mganga hajigangi.

Watu hudhani ninachukia mambo mapya, ilhali ni kinyume kabisa. Iliposemwa kwamba kila kifaa kitakuwa na tundu la aina moja, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Niliifuatilia sheria ya Umoja wa Ulaya kama wengine wanavyofuatilia ligi, na ilipofika tarehe 28 Desemba 2024, siku ambayo simu mpya zinazouzwa huko zilianza kulazimika kuwa na tundu la USB-C, nilimtangazia mke wangu kwamba enzi ya droo imekwisha. Akaniuliza kama basi anaweza kuimwaga. Nikamwambia asubiri kwanza, usiache mbachao kwa msala upitao. Leo nashukuru kwamba sikumruhusu, ingawa sababu yenyewe inaniaibisha: tundu limekuwa moja, lakini nyaya zimebaki kuwa nyingi vilevile, tena sasa zimevaa sare.

Waya wa USB ulipotoka mwaka 1996 ulikuwa na kasoro ambayo kila mtu anaijua. Unajaribu kuuchomeka, unakataa, unaugeuza, unakataa, unaurudisha ulivyokuwa mwanzo, unaingia kana kwamba hakuna lililotokea. Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyeongoza kundi lililouasisi, amewahi kueleza kwamba kuufanya uingie kwa upande wowote kungehitaji nyaya na sakiti zaidi, na gharama ingepanda. Mimi nilimsamehe siku nyingi. Waya ule ulikuwa mkaidi, lakini ulikuwa na adabu ya kukataa hadharani. Wa printa ulikuwa na kichwa cha mraba, wa kamera kichwa kifupi kilichonenepa, wa simu kichwa chembamba, na aliyekosea aliambiwa papo hapo na tundu lenyewe.

Waya wa USB-C, uliotangazwa mwaka 2014, haukatai. Huo ndio uovu wake. Unaingia popote, kwa upande wowote, kwa mlio mdogo wa kuridhisha, halafu ndipo unapoanza kukudanganya. Tundu lake lina pini 24, lakini waya wenyewe haulazimiki kuziunganisha zote. Upo unaopitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ileile ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na yupo ndugu yake, anayefanana naye kwa rangi, unene na urefu, anayepitisha gigabiti 40. Mmoja anabeba umeme wa wati 60, mwingine wati 240, na anayebeba mzigo mkubwa hutambulishwa na kichipu kidogo kilichofichwa ndani ya kichwa chake, ambacho kinanong'ona na chaja bila kukushirikisha wewe mwenye mali. Mapacha hata wakifanana vipi, mama yao hawakosi kumwonyesha alama. Mimi nimezigeuza nyaya hizi chini ya taa, nimezitazama kwa kioo cha kukuzia, na sikuona hata kovu.

Siku moja niliamua kuhamisha video za familia, gigabaiti 200 hivi, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye diski ya nje ambayo niliinunua kwa sababu ya kasi yake tu. Nikachukua waya mweupe mzuri uliokuja na simu. Kompyuta ikaniambia zimebaki dakika 90. Nikailaumu diski, nikailaumu kompyuta, nikazima intaneti ambayo haikuhusika hata kidogo, na baada ya saa moja na nusu kazi ikaisha yenyewe huku mimi bado natafuta kosa. Baadaye ndipo nilipopiga hesabu: kwa megabiti 480, mzigo ule hata kwenye karatasi hauwezi kuisha kabla ya dakika 55, ilhali kwa waya wa gigabiti 10, ambao diski ile ilikuja nao na ambao nilikuwa nautumia kuchajia spika ya bafuni, hesabu hiyohiyo haifiki dakika 3.

Ukitaka kuzitambua nyaya hizi kwa majina, utarudi umechoka. Kasi ya gigabiti 5 iliyotoka mwaka 2008 ikiitwa USB 3.0 ilibatizwa upya ikawa USB 3.1 Gen 1, kisha ikawa USB 3.2 Gen 1, na muda wote huo haikuongeza hata biti moja. Binadamu anayebadilisha jina kila anapohama mtaa, tunajua ana madeni.

Lakini kilichonivunja moyo hasa ni tochi. Mwanangu aliniletea akasema, "Baba, haitaki kuchaji." Nikautoa waya wa kifahari, uliosukwa kwa nyuzi, wenye kichwa cha C pande zote mbili, nikaufunga na chaja ya wati 65. Kimya. Nikageuza. Kimya. Nikamwambia kwamba betri imekufa, na kwa kuwa nilikuwa nimepata msikilizaji, nikamweleza jinsi betri za lithiamu zinavyochoka kadiri zinavyochajiwa, nikamtajia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa ajili ya betri hizo, na kwamba Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 siku alipoipata. Mtoto alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akaenda kwenye droo, akachomoa waya mchovu wenye kichwa cha zamani upande mmoja, akauchomeka kwenye kompyuta, na tochi ikawasha taa nyekundu.

Nilikuja kuelewa kilichotokea, na haki itendeke, waya wangu wa kifahari haukuwa na kosa. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ihisi rezista, yaani kizuizi kidogo cha umeme, ya kilo-omu 5.1 upande wa kifaa, na aliyetengeneza ile tochi alikuwa amebana matumizi kwa kuiacha, ingawa rezista ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Waya wa zamani hauna mahojiano hayo. Unampa volti 5 yeyote anayenyoosha mkono. Nilimwita mtoto nikamfafanulia yote hayo kwa mchoro. Akasema, "Sawa, Baba, lakini inachaji."

Jumamosi iliyofuata nikaamua kuzipanga nyaya zote kitaalamu. Nilikuwa nimenunua kipimo kidogo cha USB chenye kioo kinachoonyesha volti na ampea, pamoja na mashine ya kuchapa lebo, ambayo ilifika bila waya na ikadai kichwa cha micro-USB. Waya wa aina hiyo nilikuwa nao saba, zote zikiwa ndani ya droo, zote chini kabisa, kwa hiyo ilinilazimu kuipangua droo ili niwashe mashine ambayo ingenisaidia kuipangua droo. Nilipima nyaya 41 tangu asubuhi mpaka taa zikawashwa. Niligundua kwamba waya wa kando ya kitanda, ambao nimeuamini kila usiku kwa miaka miwili, unapitisha ampea 0.4 tu, yaani wati 2, na ndiyo maana simu yangu huamka imechoka kuliko mimi. Niliukunja taratibu. Sikuutupa, kwa kuwa pengine kuna kifaa kidogo kisichohitaji haraka.

Lebo zilidumu siku nne. Gundi yake haipendi waya mviringo, kwa hiyo zilianza kubanduka moja moja na kusafiri ndani ya nyumba, na siku moja mke wangu alirudi kutoka kazini akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo ni afadhali mtu akupigie kelele, ni nani aliyembandika mgongoni maandishi yasemayo "WATI 100, HAIPITISHI VIDEO". Aliyavaa tangu asubuhi. Alikuwa ameingia nayo kwenye kikao.

Wapo wanaonishauri nihamie kwenye vifaa visivyotumia waya. Nimehamia, nikakuta sahani ya kuchajia simu bila waya ina waya wake, na visikizi visivyo na waya vinalala ndani ya kikasha ambacho kina tundu, na tundu lile linaulizia waya.

Juzi ndipo akaja baba mkwe. Alikuwa amekuja na kamera yake ya miaka ya 2000, iliyofungwa kwenye kitambaa kama yai, na ndani yake zilikuwamo picha alizopiga kwenye harusi yetu, ambazo katika miaka yote hiyo hazikuwahi kutoka humo. "Mwanangu," akasema, "si wewe ndiye fundi?" Niliitazama ile kamera ubavuni nikaona tundu dogo lililonenepa, mini-USB, na moyo ukanienda mbio kwa furaha. Nikaita, "Mama watoto, njoo uone faida ya jalala." Nilichimba kwa dakika 40, baba mkwe akiwa amekaa kimya amepakata kamera, mpaka nikautoa ule waya nikaunyanyua juu kama mvuvi aliyepata samaki.

Nikauchomeka. Taa ya kamera ikawaka. Kompyuta haikuona kitu. Nikauchomoa, nikaurudisha, nikaupangusa, nikaupulizia, kwa sababu hata sisi wataalamu hupulizia. Hatimaye nikakumbuka kuupima, nikakuta kwamba ni waya wa chaji tu: ndani yake zimo nyaya mbili za umeme, na zile mbili za data hazikuwahi kuwekwa. Miaka yote hiyo niliutunza waya ambao ni nusu waya.

"Kwani humo ndani hakuna kadi?" akauliza mke wangu akiwa mlangoni.

Ilikuwamo. Swali lilikuwa zuri mno hata nikaona ni bora nisilijibu. Nikarudi ndani ya droo kutafuta kisomea kadi, nikakipata, nacho kina kichwa cha zamani, wakati kompyuta yangu mpya ina matundu ya C peke yake, kwa kuwa niliichagua hivyo mwenyewe kwa majivuno. Ilihitajika adapta. Adapta nilikuwa nayo, na mara ya mwisho niliiona ikianguka nyuma ya meza, kwa hiyo nikaingia chini na ile tochi mdomoni, nikiwa nimelala kifudifudi kati ya vumbi na lebo nyingine tatu.

Nilipotoka, baba mkwe alikuwa ameishika kamera kwa mkono wa kushoto na simu kwa mkono wa kulia. Alikuwa anakipiga picha kioo cha kamera, harusi nzima, moja baada ya nyingine, na kuzituma kwa ndugu papo hapo. Nikamweleza kwa upole kwamba kwa njia hiyo ubora wote unapotea, kwamba kioo kile hakifiki hata inchi 3, na mbaya zaidi kinaakisi, hata katika kila picha anaonekana yeye mwenyewe akiwa ameinama na simu yake juu ya vichwa vya maharusi.

"Nimeona," akasema bila kuinua macho. "Siku ile mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha. Sikutokea hata moja."