Magurudumu ya Picha

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika duka moja la saa hapa Kisumu, nikisubiri mkanda wa saa yangu upunguzwe, alipoingia mwalimu mmoja kijana na kuomba aonyeshwe ile saa ya dirishani ambayo mashine yake inaonekana. Muuzaji alimkabidhi na kumhakikishia kwamba ni saa ya kutia ufunguo, kwamba haina betri, na kwamba uso wake umetobolewa ili mwenye saa ajionee kila kilichomo ndani. Mwalimu alilipa shilingi 3,500. Aliponionyesha, uso wake ukiwa umejaa furaha, niliitazama akrabu ya sekunde: iliruka hatua moja, ikatulia, ikaruka tena, hatua moja kwa kila sekunde, kama zifanyavyo saa za betri. Magurudumu ya rangi ya dhahabu yaliyokuwa nyuma yake hayakusogea kamwe, kwa kuwa yalikuwa picha iliyochapwa kwenye kibati.

Tangu siku hiyo hasira haijanitoka. Saa bandia zenye majina makubwa tumezizoea, na sizitetei, lakini zile hudanganya kuhusu nani aliyezitengeneza. Hii inadanganya kuhusu jambo lile lile ambalo saa ya aina yake iliundwa kulionyesha.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa saa hizi zilizotobolewa ili mashine ionekane ni André-Charles Caron, fundi wa saa wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyefanya kazi Paris, na mwaka unaotajwa ni karibu 1760. Kazi yenyewe, inapofanywa kwa mkono, ni ya kupunguza. Fundi huchukua vile vibao vya chuma vinavyoshikilia magurudumu, hutoboa tundu dogo, hupitisha humo msumeno mwembamba kama uzi, kisha hukata na kuondoa chuma chote ambacho mashine inaweza kuishi bila hicho. Akikata kidogo mno, saa hubaki nzito na yenye giza. Akizidisha, kibao hupinda, magurudumu huachana, na kazi ya wiki nyingi hupotea. Baada ya hapo kila ukingo hutiwa tupa mpaka ulale mshazari, kisha husuguliwa hadi ung'ae kama maji. Siku hizi mashine za kompyuta hufanya sehemu kubwa ya ukataji, hata katika viwanda vya kifahari vya Uswisi, lakini kuna mahali zinaposhindwa: chombo kinachozunguka hakiwezi kuacha kona kali inayoingia ndani, bali huacha kona ya mviringo. Kwa hiyo ukitazama saa ya bei kubwa, tafuta kona hizo za ndani. Zikiwa kali na zinang'aa, ujue mtu aliketi akaishika tupa mkononi. Hapo ndipo ninapoiheshimu bei, wala si kwenye dhahabu au almasi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Nakuru nilipoona mashine ya saa kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja fundi, aliyekuwa na meza yake barazani mwa duka, aliifungua Seiko 5 ya baba yangu, akanivalisha kile kioo chake cha jichoni, akasema, "Tazama, mjukuu wangu, ila usipumulie." Niliona gurudumu la mizani likienda na kurudi, na katikati yake kamani, yaani springi, nyembamba kama unywele ikijikunja na kujikunjua. Baadaye nilisoma kwamba saa nyingi za kisasa za kamani hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kwa kila sekunde, na ndiyo maana akrabu yake ya sekunde huonekana ikiteleza badala ya kuruka. Siku ile sikujua hesabu hizo. Nilijua tu kwamba nimeonyeshwa kitu cha kweli, na mzee yule hakunitoza hata ndururu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba saa ya betri hushika wakati vizuri zaidi. Tangu Seiko walipouza saa ya mkononi ya kwanza ya kwazi, yaani jiwe linalotetemeka likipitishiwa umeme wa betri, jijini Tokyo mnamo Desemba 1969, mashine ya kawaida ya kamani haijaweza kuifikia, maana kipande cha kwazi katika saa nyingi za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Lakini mtetemo huo hauonekani kwa jicho, na ndiyo sababu mdanganyifu akalazimika kuchapa picha.

Nakubali pia kwamba saa iliyo wazi ni ngumu kusoma. Sisi tunaosema saa moja huku akrabu ikielekeza kwenye saba tunategemea kuona uso wote, upande huu na ule wa pili, na uso ukiwa umejaa magurudumu jicho hupotea njia.

Hata hivyo, zipo saa za bei nafuu, nyingi zikitoka China, ambazo vibao vyake vimekatwa na mashine tu, na kona zake zote ni za mviringo, lakini kamani yake ni kamani na magurudumu yake yanazunguka. Hizo nazitetea bila kusita. Mwalimu yule angestahili kuuziwa moja ya hizo.

Nilimweleza niliyoyaona, akarudi kwa muuzaji, akaambiwa kwamba bidhaa ikishatoka kwenye sanduku hairudishwi. Ninachodai kwa wenye maduka ni kikaratasi kimoja kando ya bei, kiandikwe kwa Kiswahili chepesi: saa hii inatumia betri, na magurudumu unayoyaona ni picha.