Kuzima ishara ya RANKL: faida kubwa, mlango mbaya wa kutokea

Makala haya yanahusu denosumabu, dawa ya udhaifu wa mifupa (osteoporosisi) inayozima ishara ya RANKL, na kwa nini kuiacha ni hatari. Osteoklasti, seli zinazokula mfupa, hutokana na seli za ukoo wa monositi, aina ya chembe nyeupe za damu. Ili zigeuke kuwa osteoklasti zinahitaji ishara mbili za protini. M-CSF huziweka hai na kuzizidisha. RANKL, inayotolewa zaidi na osteositi, seli zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe, ndiyo inayoamua. RANKL ikishika kipokezi chake RANK, protini TRAF6 huamsha protini nyingine, NF-κB na c-Fos, na mwisho wake ni protini NFATc1. Hiyo ndiyo inayowasha jeni za kuunganisha seli kadhaa kuwa moja yenye viini vingi, pamoja na jeni ya kathepsini K, kimeng'enya kinachokata kolajeni, protini ya msingi ya mfupa. Breki ya mwili ni OPG, protini inayoikamata RANKL njiani. Estrojeni ikishuka baada ya ukomo wa hedhi, RANKL huizidi breki hiyo, na mfupa huliwa zaidi.

Denosumabu ni kingamwili inayoiga kazi ya OPG: miligramu 60 chini ya ngozi, kila miezi 6. Katika jaribio la FREEDOM la wanawake 7,868, lililochapishwa 2009, mivunjiko mipya ya pingili za mgongo ilipungua kwa 68% na ya nyonga kwa 40% ndani ya miaka 3. Tena haitegemei figo kuondoka mwilini. Hilo lisimlegeze daktari: kwa wagonjwa wa figo walio kwenye dayalisisi (kusafishwa damu) kalsiamu inaweza kushuka vibaya sana, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya hilo.

Wanaoipinga wana hoja nzito zaidi. Dawa huzuia ishara tu. Seli tangulizi, zile zinazogeuka osteoklasti, zinabaki. Dozi ikikosekana, RANKL huzikuta zikingoja, na ulaji wa mfupa hupanda kupita kiwango cha kabla ya matibabu. Baadhi ya wagonjwa huvunjika pingili kadhaa kwa mkupuo. Bisfosfonati, kundi jingine la dawa za mifupa, hazina tabia hiyo, kwa kuwa hung'ang'ania madini ya mfupa kwa miaka, osteoklasti huzimeza inapokula, na dawa hiyo huilemaza. Kasoro yake ni kwamba vidonge vya alendronati, mojawapo ya bisfosfonati, miligramu 70 kwa wiki, humezwa tumbo likiwa tupu na mgonjwa hukaa wima nusu saa, hivyo wengi huviacha.

Kwa maoni yangu, mgonjwa asiye na hakika ya sindano ya miezi 6 ijayo, iwe kwa bei au kwa umbali wa kliniki, aanze na bisfosfonati. Denosumabu inamfaa aliye na hatari kubwa na ufuatiliaji wa uhakika. Akitaka kuiacha, hupewa zoledronati, bisfosfonati ya sindano, miligramu 5 kwa mshipa yapata miezi 6 baada ya sindano ya mwisho, figo zikiruhusu, kisha CTX, kiashiria cha kasi ya ulaji wa mfupa, hupimwa kwenye damu miezi 3 na 6 baadaye. Aliyetumia denosumabu kwa miaka mingi huenda akahitaji dozi nyingine ya zoledronati, maana moja haimtoshi kila mtu.